Baba Krismasi na Swali la Mtoto

Ndugu msomaji, kila ufikapo mwezi wa Desemba, wakati mvua za kwanza zimekwisha kuilainisha ardhi ya Shinyanga na joto bado halijatuacha, hutokea mgeni mmoja wa ajabu katika maduka na shule zetu. Huvaa koti zito jekundu lililokusudiwa nchi za theluji, kofia yenye kishada cheupe, na ndevu ndefu za pamba. Mtoto wa kwetu anaijua pamba tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Ameiona ikichumwa, ikijazwa maguniani na kupelekwa kwenye viwanda vya kuchambulia. Hata hivyo, akiambiwa kwamba zile ni ndevu huamini, kwa kuwa aliyemwambia ni mtu mzima.

Je, yatupasa kumwambia mtoto ukweli kuhusu Baba Krismasi, au tumwache mpaka atakapogundua mwenyewe? Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la mzaha, na kwamba wazazi wa Kambarage, wenye karo na kodi ya nyumba za kulipa, wana mengine ya kufikiria. Nami nilidhani hivyo, mpaka mama mmoja wa mtaa huo aliponisimulia yaliyompata mwanawe.

Mama huyo huuza mboga sokoni, na mwanawe wa miaka 6 alikuwa akisoma katika shule moja ya watoto wadogo mjini. Siku ya kufunga mwaka palifanywa sherehe, akaja Baba Krismasi na gunia begani. Wazazi walikuwa wametakiwa, kimya kimya, walete zawadi zilizokwisha kufungwa, kila moja ikiwa na jina la mtoto wake. Mwenye uwezo alileta baiskeli ndogo. Mama yetu, ambaye juma lile fedha zake zilikuwa zimeishia kwenye dawa za mtoto wake mchanga, alileta daftari na kalamu mbili za rangi. Kabla ya kugawa, mgeni yule aliwatangazia watoto kwamba yeye huwatazama mwaka mzima, na kwamba kila mmoja atapokea kadiri ya tabia yake. Mtoto akapokea daftari lake, akamtazama mwenzake aliyekuwa juu ya baiskeli, wala hakulia. Usiku ndipo alipouliza: "Mama, mimi nilifanya kosa gani?"

Lipime swali hilo, ndugu msomaji. Mtoto wa mfanyakazi akijua kwamba mshahara haukutosha atasikitika, lakini heshima yake haitaguswa. Akiamini kwamba yupo mzee mwenye kujua yote, ambaye amempima na kumwona hafai, basi umaskini wa nyumbani umegeuzwa kuwa hatia yake yeye. Naye mwenye baiskeli amefundishwa jambo baya vilevile, kwamba mwenye kupata kingi ndiye mwema.

Ajabu ni kwamba huyo anayetajwa kuwa asili ya mambo haya hakuwa mtu wa namna hiyo hata kidogo. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, katika karne ya 4. Masimulizi ya Kanisa yanasema kwamba aliwasaidia mabinti watatu wa baba fukara kwa kuwatupia dhahabu usiku, kwa siri, wapate mahari. Hakuuliza kwanza kama walikuwa na adabu. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, nao Waholanzi waliiadhimisha kwa kuwapa watoto zawadi. Gari la theluji na paa wanaolivuta vilienea kutokana na shairi lililochapishwa katika gazeti la mji wa Troy, huko Marekani, mwaka 1823. Maduka yakafanya yaliyobaki.

Huko huko Marekani, mwaka 1897, msichana wa miaka 8 aitwaye Virginia O'Hanlon aliliandikia gazeti la The Sun la New York kuuliza kama mzee huyo yupo kweli. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba likisemwa na gazeti hilo ndilo kweli. Jibu lilitoka tarehe 21 Septemba, nalo lilikuwa la mwandishi Francis Church, ingawa jina lake halikutiwa. Alimwambia kwamba yupo, kama vile upendo na ukarimu ulivyopo ijapokuwa hauonekani kwa macho. Jibu hilo limechapishwa tena na tena hata leo. Ni kazi ya mwandishi hodari, lakini silo jibu la swali aliloulizwa. Na nathubutu kusema kwamba mwenye wajibu wa kujibu alikuwa baba, aliyemsukumia mtoto wake gazetini.

Pengine utauliza: je, wazee wetu hawakuwadanganya watoto? Usukuma mzima unalijua zimwi Shing'weng'we, lililowameza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, naye alipokua akaliua zimwi na kulipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Watoto wameitetemekea hadithi hiyo vizazi kwa vizazi. Lakini angalia jinsi hadithi inavyotolewa. Pwani msimulizi husema "Paukwa!" na watoto huitikia "Pakawa!", bara huita "Hadithi, hadithi!" nao hujibu "Hadithi njoo!" Kwa maneno hayo mtoto huingia mahali panapojulikana, na yeye mwenyewe ameitikia kuingia. Hadithi ikiisha anatoka. Kesho yake asubuhi hakuna bibi anayemwambia asiende kisimani kwa kuwa Shing'weng'we yuko njiani. Bibi hakusema uongo, maana mlango wa hadithi ulikuwa wazi kwa kuingia na kwa kutoka. Ndivyo ilivyo pia kwa lile jino la kwanza ambalo mtoto hulitupa juu ya paa ili aletewe jipya. Ni mchezo usiomhukumu mtu.

Baba Krismasi wa shuleni hana "Paukwa." Wala hana "Paukwa" yule mumiani tunayemtaja ili mtoto asitoke nje jioni, au yule daktari tunayesema atamchoma sindano akikataa uji. Maneno hayo tunayasema mchana kweupe, kwa uso mkavu, kisha tunasahau kuyafuta. Mtoto akikua, baadhi yake humtoka yenyewe. Mengine hubaki.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua ni kwa gharama gani. Watoto wengi wa nchi hii walikua wakisikia kwamba mtu mwenye ualbino hafi, bali hutoweka. Nani alikaa nao chini akawaeleza kwamba ualbino ni upungufu wa rangi ya ngozi, nywele na macho unaorithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, na kwamba mtu huyo huugua, huzeeka na kufa kama mimi na wewe? Wengi hawakuelezwa. Watoto hao wakawa watu wazima, na wapiga ramli walipowaambia watafuta utajiri wa madini na samaki kwamba viungo vya watu hao huleta bahati, waliwakuta baadhi yao tayari kuamini. Kuanzia mwaka 2007 mauaji yaliitikisa Kanda ya Ziwa. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14. Na hapa hapa mjini, katika shule ya Buhangija, watoto wenye ualbino walipelekwa kuishi mbali na wazazi wao ili wapate kuwa salama. Sisemi kwamba Baba Krismasi aliyaleta hayo, la hasha. Nasema kwamba mtoto hana mizani mbili, moja ya uongo wa sikukuu na nyingine ya uongo wa kuua. Anayo mizani moja tu, nayo ni neno letu.

Basi tufanyeje? Sioni sababu ya kumkamata mtoto wa miaka 3 anayeifurahia kofia nyekundu na kumsomea hotuba. Mwache acheze. Lakini siku atakapouliza kwa dhati, mjibu siku ile ile. Mwambie kwamba ni mchezo, kwamba hapo kale palikuwa na askofu mkarimu, na kwamba shati lake jipya la Krismasi, kama kanzu ya Idi ya rafiki yake wa nyumba ya pili, limetoka kwenye jasho la baba kiwandani au mgodini, na la mama sokoni. Mwonye asiende kuwaharibia wadogo furaha yao. Watoto hupenda sana kukabidhiwa siri. Nao walimu, ikiwa ni lazima mzee yule aje na gunia, basi zawadi ziwe sawa kwa wote, na maneno ya kupima tabia yaachwe.

Yule mama wa Kambarage hakujibu usiku ule, alisema tu, "Lala, mwanangu." Shule zilipofunguliwa Januari aliona kwamba mtoto anapita langoni bila kumwamkia mlinzi, mzee aliyekuwa akimpa shikamoo kila asubuhi. Alipombana, mtoto akasema kwamba siku ya sherehe alimtambua mlinzi kwa makatambuga yake chini ya koti jekundu, akajua kuwa ndiye aliyetumwa na Baba Krismasi kuwatazama watoto mwaka mzima. Basi mama akaketi naye kizingitini, akamweleza yote: daftari, dawa za mdogo wake, na fedha zilizobaki. Mtoto akanyamaza kitambo kirefu.

Kesho yake walipofika langoni alisimama mwenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenirudia?"

"Babu, zile ndevu hazikukuwasha?"