Tuyasahihishe maoni ya wanunuzi kama tusahihishavyo insha

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walinena hivyo zama ambapo mnunuzi alikishika kitu mkononi, akakigeuzageuza na kukinusa ikibidi, kabla hajatia mkono mfukoni. Leo mkulima wa Mitaboni au mwalimu wa Kathiani mjini huagiza pampu ya kunyunyizia dawa, taa ya sola au pasi ya umeme kwa simu yake, akalipa kwa M-Pesa, na asikione alichokinunua mpaka siku anapokwenda kukichukua kwa wakala. Katika biashara ya namna hii kizuri hakijiuzi wala kibaya hakijitembezi. Vyote viwili vimelala ghalani. Kinachotembea ni picha na maneno.

Maneno yenyewe ni ya aina mbili. Kuna ya muuzaji, na hayo kila mtu mzima anajua namna ya kuyapokea. Kisha kuna ya wanunuzi waliotangulia, ambao huandika jinsi bidhaa ilivyowafaa au ilivyowatesa na kuipa nyota kuanzia moja hadi tano. Duka la Amazon la Marekani lilianza kuwaruhusu wateja kuandika maoni yao mwaka 1995. Hapa Kenya mtindo huo ulizoeleka baada ya kuja kwa Jumia mwaka 2013 na Kilimall mwaka 2014. Kwa kuwa maoni yalizidi kuwa mengi hata yakawa hayasomeki yote, baadhi ya maduka yaliamua kuwauliza wasomaji swali la pili: Je, maoni haya yamekusaidia? Anayetumia duka la programu za simu la Google amekwisha kukutana na swali hilo mara nyingi, na pengine alilijibu bila ya kufikiri.

Ni swali dogo ambalo jibu lake si dogo. Maoni yanayohesabiwa kuwa na manufaa hupandishwa juu, ambako kila mtu huyaona. Yaliyosalia hudidimia chini, ambako hakuna afikaye. Kwa hiyo abonyezaye kitufe kile huamua nani asikike na nani anyamazishwe. Amekuwa mtahini bila ya kuitwa katika mkutano wowote wa watahini.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima wa Kathiani atafuta pampu ya kubeba mgongoni. Mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Disemba ambazo Ukambani huzitegemea kuliko za masika, zimekaribia, na tangu viwavijeshi wa aina mpya walipoingia nchini mwaka 2017, kukosa pampu wakati mahindi yangali machanga ni kucheza na chakula cha mwaka mzima. Anakuta maoni matatu. Wa kwanza ameandika: "Bidhaa safi sana, Mungu awabariki," akatoa nyota tano. Wa pili ameandika: "Takataka! Imechelewa siku nne, na kijana aliyeileta hana adabu," akatoa nyota moja. Wa tatu ameandika Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba, chenye makosa ya tahajia ambayo yangemfanya mwalimu yeyote ashike kalamu nyekundu. Asema ameitumia pampu ile kwa nyanya misimu miwili. Mpini ni imara, mkanda hauumizi bega, lakini mpira wa ndani unaozuia maji kuvuja ulikatika katika mwezi wa tatu, na Machakos mjini hakuupata mwingine, ikabidi auagize Nairobi. Akatoa nyota tatu.

Nani kati ya hawa watatu amemsaidia mkulima wetu? Jibu ni dhahiri shahiri. Wa kwanza ameshangilia, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa pili ana malalamiko ya haki, lakini yanamhusu msafirishaji wala si pampu. Ni wa tatu pekee aliyemwambia mkulima jambo asiloweza kuliona pichani, na hata akamwonyesha la kufanya: anunue ule mpira wa akiba mapema. Hata hivyo, ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningelisema kwamba huyo wa tatu ndiye atakayepata kura chache kabisa.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi wa maoni zaidi ya milioni nne kuhusu vitabu vipatavyo 675,000 vilivyouzwa na Amazon. Waligundua kwamba kura za manufaa hazikufuata ubora wa maandishi peke yake; zilifuata pia jinsi nyota za mwandishi zilivyokaribiana na wastani wa nyota za wenzake. Aliyekwenda kinyume na wengi aliadhibiwa, na mkosoaji aliadhibiwa zaidi ya msifu. La kushangaza ni kwamba walipata maandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno na kubandikwa kwenye bidhaa mbili tofauti. Maneno yalikuwa yale yale, ilhali kura zilitofautiana, na tofauti ile ilikwenda sambamba na umbali wa nyota kutoka kwenye wastani. Msomaji aliyedhani anapima manufaa alikuwa anapima kukubaliana.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 2007, watafiti wengine waliochunguza maoni kuhusu kamera walionyesha kasoro nyingine. Wasomaji kwa jumla wana mazoea ya kusema ndiyo. Maoni yaliyowahi kuandikwa hukusanya kura nyingi kwa sababu tu yamekaa sana, na yenye kura nyingi huzidi kuongezewa kwa kuwa ndiyo yaonekanayo. Aliye nacho huongezewa. Kisha mwaka 2013 jarida la Science likachapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, kila mwalimu angepaswa kulifahamu. Watafiti walichukua maoni zaidi ya laki moja katika tovuti moja ya habari, na mengine wakayapa kura moja tu ya kuyaunga mkono, bila ya kujali yaliyoandikwa ndani. Kura hiyo moja ya bandia iliinua alama za mwisho kwa asilimia 25 kwa wastani. Kura bandia ya kupinga haikuleta madhara kama hayo, kwani wasomaji waliisahihisha. Yaonekana binadamu yu macho dhidi ya uonevu, lakini upendeleo humpita akitazama.

Mwalimu wa Kiswahili hatashangazwa na hayo. Anayajua kutokana na rundo la insha mezani pake. Anajua kwamba insha ya wastani ikisomwa baada ya tatu mbovu huonekana dhahabu. Kwamba hati nzuri huiba alama. Kwamba ukurasa wa nne humtia mtu huruma hata kama ukurasa wa pili ulitosha. Ni kwa sababu hiyo watahini wa mtihani wa kitaifa hukutanishwa kwanza, wakasahihisha nakala zile zile na kulinganisha alama, kabla ya kuachiwa rundo. Insha ya Karatasi ya Kwanza ina alama 20 na viwango vyake vinajulikana. Mtahini haruhusiwi kumnyima mtahiniwa alama kwa kuwa hakubaliani na msimamo wake kuhusu ndoa za mapema au adhabu ya viboko. Akifanya hivyo, kiongozi wa kundi lake atamrudishia karatasi.

Haki hiyo hiyo ndiyo ninayomwombea mnunuzi aliyejitolea kutuandikia. Tusimwulize kama tunakubaliana naye. Tumwulize ameitumia bidhaa kwa muda gani, maana aliyeandika siku ile ile aliyofungua boksi anajua rangi tu. Aliyepewa mkopo wa simu leo asubuhi akatoa nyota tano hajaonja bado siku ya kulipa. Tumwulize pia aliitumia wapi na kwa kazi gani, na kama lawama yake inaihusu bidhaa au mtu mwingine. Tahajia tumwachie mwalimu wake. Wengi wetu humdharau mwandishi kwa sababu ya lugha yake kabla hatujapima anachokijua, na katika nchi ambayo mkulima mwenye tajriba ya miaka thelathini huenda aliacha shule darasa la tano, dharau hiyo hutugharimu fedha.

Suala la wapi halina budi kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwani hapo haki ya kura huwa ngumu hata kwa mtu mwenye nia njema. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa katika miaka ya 1960 na kituo cha utafiti kilicho karibu na Machakos, yalisifika Ukambani kwa sababu hukomaa upesi kabla mvua haijakatika. Mpe mkulima wa Kitale mbegu hiyo hiyo, naye mwenye mvua ndefu na aina zinazozaa maradufu atakwambia haifai kitu. Wote wawili wanasema kweli. Mwenyeji wa mtaa wenye umeme usiokatika hawezi kumpimia taa ya sola mwenyeji wa milima ya Iveti, na huyu naye hana la kumwambia mkazi wa ghorofa kuhusu uzito wa pampu. Kwa hiyo msomaji akiona maoni yasiyomhusu, si haki ayapigie kura ya kuyapinga. Hayakumfaa yeye, huenda yatamfaa mwingine. Ayapite tu. Kutopiga kura nako ni hukumu ya haki.

Lawama nyingine ni ya wenye maduka. Aghalabu utakuta pameandikwa kwamba watu 12 wamenufaika na maoni haya. Kumi na wawili kati ya wangapi? Mwalimu akiandika 12 kwenye daftari la mwanafunzi bila ya kuonyesha ni kati ya 15 au ya 100, mzazi atafunga safari hadi shuleni. Dukani tunalimeza jambo hilo bila ya kuuliza. Hata pale jumla inapoonyeshwa, asilimia hudanganya. Maoni yaliyokubaliwa na watu 2 kati ya 2 yana asilimia 100, na yaliyokubaliwa na 90 kati ya 100 yana asilimia 90. Je, yale ya kwanza ndiyo bora? Mwanafunzi yeyote ahisi kwamba sivyo, ingawa hajui namna ya kuthibitisha.

Namna ipo, nayo ni ya kale. Mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre-Simon Laplace, aliyefariki mwaka 1827, aliacha kanuni inayoweza kuelezwa hivi: kabla ya kuhesabu, chukulia kwamba wapigakura wawili wamekwisha kupita, mmoja akakubali na mwingine akakataa. Basi 2 kati ya 2 huwa 3 kati ya 4, yaani asilimia 75. Zile 90 kati ya 100 huwa 91 kati ya 102, yaani asilimia 89. Mambo yamejipanga yalivyostahili. Kanuni hiyo humlinda hata mnyonge: maoni yaliyopata kura moja tu, nayo ya kukataa, hayahukumiwi sifuri bali theluthi moja, na hivyo yanabaki na nafasi ya kusomwa tena. Mwaka 1927 Mmarekani Edwin Wilson alitoa njia iliyo kali zaidi, ambayo mtandao wa Reddit ulianza kuitumia mwaka 2009 kupanga maoni ya watu. Hapana sababu ya duka kubwa kushindwa na hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu kwa kalamu.

Wako watakaosema kwamba haya ni makuu yasiyo na maana, na kwamba serikali ndiyo ishughulikie walaghai. Sheria zipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ilipitishwa mwaka 2012. Ng'ambo, Marekani ilipiga marufuku ununuzi na uuzaji wa maoni bandia mwaka 2024, Uingereza nayo mwaka 2025. Hizo zote zamkamata mwongo. Hakuna sheria, na sidhani ifaa kuwapo, ya kumkamata msomaji mkweli anayepiga kura kwa uvivu au kwa hasira. Katika soko la Kathiani kazi hiyo hufanywa na kujuana. Kila mtu anamjua jirani anayesifu kila kitu na yule asiyeridhika hata na mvua. Mtandaoni tumenyimwa sura za watu, tukaachiwa kitufe.

Ndiyo sababu nawaelekea walimu. Kipindi kimoja cha hisabati au cha Kiswahili chatosha. Mwalimu anakili maoni kumi kuhusu bidhaa moja inayojulikana na wanafunzi, kwa mfano chaja ya simu. Nusu ya darasa wapewe maoni matupu. Nusu nyingine wapewe yale yale yakiwa na nyota na hesabu ya kura, ambazo mwalimu amezipanga atakavyo. Kila mwanafunzi ayape alama kati ya tano akiwa peke yake, bila ya kuchungulia kwa jirani. Kisha wastani wa kila nusu uandikwe ubaoni sambamba, na darasa liulizwe ni maoni yapi yamepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, ilhali hakuna hata neno moja lililobadilishwa.