Mbegu Inayotemwa: Mafuta ya Mbuyu katika Uwanda wa Kati

Katika nchi kame, ambako mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka na mavuno ya shambani hayana uhakika, watu hutegemea kwa sehemu miti ambayo hakuna aliyeipanda, na michache kati ya miti hiyo hubeba mbegu zenye mafuta ya kutosha kukamuliwa. Kusini-magharibi mwa Morocco mti huo ni argani. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Dodoma na kuteremka kuelekea Mtera, ni mbuyu, ambao Wagogo huuita mpela. Mafuta ya miti hii miwili hutumika leo kwa ngozi na nywele, lakini yamefika huko kwa njia zisizofanana, na mwenye kutaka mafuta ya mbuyu yawafae watu wa Dodoma hana budi kuanzia kwenye tofauti hiyo.

Kwa Waberberi, ambao wenyewe hujiita Imazighen, mafuta ya argani yalikuwa chakula cha nyumbani kabla ya kuwa bidhaa. Wanawake huvunja kokwa kwa jiwe juu ya jiwe, hutoa kiini, hukikaanga ikiwa mafuta ni ya kula au hukiacha kibichi ikiwa ni ya kupaka, kisha hukisaga na kuukanda unga wake kwa maji kidogo hadi mafuta yajitenge. Makapi hulishwa mifugo na maganda huwa kuni. Msitu wenyewe una utaratibu uitwao agdali, yaani kufungwa kwa eneo wakati matunda yanapokomaa, ili mbuzi wasiingie na kila familia ivune sehemu inayotambuliwa kuwa yake. UNESCO iliuingiza msitu huo katika orodha ya hifadhi za baiyosifia mwaka 1998, na mwaka 2014 ikaingiza ujuzi wa argani katika urithi wa utamaduni usioshikika.

Ugogoni mpangilio ni mwingine. Thamani ya mbuyu ilikuwa katika majani machanga yanayopikwa kuwa mboga, katika gamba linalotoa nyuzi za kamba na kuota tena baada ya kubanduliwa, na zaidi ya yote katika ubuyu, ule unga mweupe mkavu wenye uchachu unaozishika mbegu ndani ya tunda na unaokorogwa katika uji au maji. Mafuta yalitafutwa kwingine: Wagogo ni wafugaji, na samli ya ng'ombe wao ilipikiwa na kupakwa mwilini muda mrefu kabla alizeti haijaenea Dodoma na Singida. Mbegu ya mbuyu ilibaki nyuma ya unga wake, na huko pwani, ambako ubuyu hupakwa sukari, viungo na rangi nyekundu, mtoto humung'unya na kuitema mbegu pamoja na mafuta yote yaliyomo. Walioithamini mbegu hiyo tangu zamani ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, ambao huitwanga pamoja na unga wake na kula vyote viwili, hivyo hula mafuta bila kuyakamua.

Sababu ya mbegu kuachwa iko katika umbile lake. Ganda ni nene na gumu, kiini ni kidogo, na kukitoa kwa mkono ni kazi inayozidi malipo yake. Kwa hiyo mafuta ya mbuyu ni zao la mashine, hasa mashine ya kukamulia bila moto, ambayo husaga mbegu nzima na kutoa mafuta ya rangi ya dhahabu upande mmoja na mashudu upande wa pili. Asidi ya oleiki na ya linoleiki, zilizo nyepesi kwa ngozi, huchukua kila moja takriban theluthi ya mafuta hayo, na sehemu kubwa ya yanayosalia ni asidi ya palmitiki, ambayo husaidia mafuta yasichache upesi. Humo pia mna asidi za saiklopropeni kwa kiasi kidogo, ambazo huvuruga namna mwili unavyoshughulikia mafuta na ambazo hupungua kwa moto mkali. Ndiyo maana mafuta yaliyokamuliwa bila moto yanafaa kupakwa, wala haifai kuyasifu kuwa mafuta ya kupikia.

Umoja wa Ulaya ulipouruhusu ubuyu kuwa chakula mwaka 2008, ruhusa hiyo ilihusu unga, si mafuta. Lakini kila gunia la unga linapochekechwa, mbegu hubaki kwa wingi, na wingi huo ndio unaoifanya kazi ya kukamua iwe na maana.

Historia ya uwanda huu wa kati ina jambo linalouma. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilipopungukiwa na mafuta ya kula, ilianzisha mpango wa karanga, na mwaka 1947 matrekta yakaanza kufyeka Kongwa, yakihangaika na mibuyu ambayo vigogo vyake vyenye uwazi vilikuwa makazi ya nyuki. Mvua haikutosha, udongo ulikauka ukawa kama saruji wakati wa kuvuna, na mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Miti iliyong'olewa ili mafuta yapatikane ilikuwa yenyewe na mafuta, tena imezoea ukame ulioishinda karanga.

Hatari ya sasa ni ya kimya zaidi. Mbegu iliyokamuliwa haioti, na soko likikua bila utaratibu unaofanana na agdali, matunda yataokotwa yote chini ya mti ambao hauna mwenyewe anayetambulika. Machipukizi machache yanayosalia huliwa na mbuzi, au hung'olewa wakati wa palizi kwa sababu mche wa mbuyu huanza na majani mazima, yasiyogawanyika kama vidole, hata mkulima aliyeishi maisha yake yote chini ya mibuyu asiutambue. Mche huo huhitaji kuzungushiwa miba, kama Wagogo wanavyolizungushia boma la ndama, kwa miaka kadhaa hadi kimo chake kipite mdomo wa mbuzi, na miaka mingi zaidi hadi utoe tunda la kwanza.