Fatma Alloo na Sauti ya Siti

Mwaka 1987 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Habari zilipatikana Radio Tanzania Dar es Salaam na katika magazeti machache ya Serikali na ya chama tawala. Mwanamke alionekana humo akimchezea ngoma mgeni wa kitaifa uwanja wa ndege, au akiwa marehemu wa habari ya mistari minne: kauawa na mumewe, chanzo wivu wa mapenzi, polisi wanaendelea na uchunguzi. Wiki ya pili, kimya.

Mwaka huohuo Fatma Alloo na wanahabari wenzake, akiwemo mtangazaji Edda Sanga, walianzisha TAMWA, chama cha wanahabari wanawake. Mwaka uliofuata wakatoa jarida lao, wakaliita Sauti ya Siti.

Jina hilo hawakuliokota njiani. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliyaimba hadharani mambo ambayo wakubwa walitaka yafunikwe. Wimbo wake wa Kijiti ni kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni pale Unguja, kisha akatorokea bara. Waliopandishwa kizimbani ni wanawake waliofuatana na marehemu usiku wa mauaji. Nani katendwa, nani kakimbia, nani kabebeshwa mzigo: yote yamo. Kwangu mimi hiyo ni habari ya mahakamani iliyokamilika, tena imefika kwa watu ambao wasingesoma gazeti.

Kina Alloo waliufuata mwendo huo. Walishika jambo moja, wakalipigia kelele redioni na magazetini kwa wakati mmoja, hata mwenye mamlaka akakosa pa kukwepea. Lakini hawakuishia kuandika. Walifungua kituo cha ushauri kwa wanawake na watoto waliodhulumiwa, wakasikiliza, kisha wakabisha hodi kwa wabunge pamoja na wanaharakati wengine. Mwaka 1998 ikapitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA: mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, na kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ikawa jinai.

Alloo mwenyewe baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF. TAMWA iliendelea bila yeye kushika usukani, na hilo nalihesabu kuwa sifa yake kubwa.

Hata hivyo, ile habari ya mistari minne bado tunaichapa. Sheria kali haisaidii kitu pale shahidi anapotishwa, familia zinapomalizana nyumbani na jalada kulala kituoni, huku mwandishi keshahamia habari nyingine. Wahariri wenzangu, kila mnapochapisha kisa cha mwanamke aliyeuawa au kubakwa, andikeni namba ya kesi na tarehe ya kutajwa, kisha mtumeni mwandishi mahakamani hadi siku ya hukumu. Nawe msomaji, usipoiona hukumu hiyo gazetini, tuandikie utudai.