Waya au Mawimbi: Mashine Itasimamishwa na Nani?



Siku hizi baadhi ya waajiri wanaondoa nyaya za kuendeshea mitambo na kuleta rimoti zinazotuma amri kwa mawimbi ya redio. Makala haya hayapingi mitambo mipya. Shabaha yake ni kumpa mfanyakazi maswali ya kuuliza kabla hajakabidhiwa rimoti hiyo.

Tuanze na chigayo

Kila mkazi wa Chinsapo au Dzaleka anaijua chigayo, mashine ya kusaga mahindi. Penye chigayo ya umeme iliyofungwa vizuri, ukutani pana kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Ukibonyeza cha kijani, umeme kidogo huivuta swichi kubwa iitwayo kontakta, nayo huupeleka umeme kwenye mota. Ukiondoa kidole, kontakta hubaki imejishikilia. Cha chekundu kazi yake ni kuukata umeme ule unaoishikilia.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, umeme wa kuishikilia kontakta hupita muda wote katika kitufe chekundu. Panya akiukata waya huo, mashine husimama yenyewe. Pili, umeme wa ESCOM ukikatika kontakta huachia, na umeme ukirudi mashine haianzi mpaka mtu abonyeze kijani. Mota iliyofungwa kwa swichi ya kawaida haina kinga hiyo. Umeme hurudi ghafla, labda mkono wa mtu umo ndani ukitoa kilichokwama. Nasi kukatika kwa umeme si jambo geni: Januari 2022 dhoruba ya Ana iliharibu kituo cha Kapichira katika mto Shire, nchi ikapoteza karibu megawati 130.

Lakini waya nao una hila zake. Nyaya mbili zikichubuka na kugusana, kitufe chekundu chaweza kubonyezwa bure. Vilevile kuna mafundi wanaoruka kitufe kibovu kwa kipande cha waya ili kazi isilale. Huo ni mtego waliomtegea mwenzao.

Faida na hatari ya mawimbi

Sasa tuseme mmoja wetu anaendesha kreni ya juu katika kiwanda cha Kanengo. Kwa vitufe vinavyoning'inia kwa waya, hana budi kuufuata mzigo kwa karibu. Kwa rimoti aweza kusimama mbali, mahali ambapo mnyororo ukikatika hautamfikia. Tena waya unaokunjwa na kuburutwa kila siku huchakaa, na mawimbi hayachakai. Hiyo ni faida ya kweli, tusiikatae.

Hatari ziko upande wa pili. Betri huisha. Kuta na mitambo ya chuma huzuia mawimbi. Baadhi ya rimoti hutumia gigahezi 2.4, njia ileile ya intaneti isiyo na waya. Mwendeshaji naye, kwa kuwa hafungwi na waya, huweza kuamrisha mzigo asiouona. Kwa sababu hizo kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1 kinataka mawasiliano yakipotea mtambo usimame wenyewe. Rimoti nzuri hutuma ishara bila kukoma. Kreni isipoisikia kwa muda mfupi, husimama. Rimoti nzuri pia huwa na namba yake ya utambulisho, isije ikaamrisha kreni ya jirani.

Rimoti ni ya mmoja, ukuta ni wa wote

Hata rimoti bora ina upungufu mmoja: imo mkononi mwa mtu mmoja. Mkanda wa kusafirishia tumbaku ukinasa shati la kibarua, aliye karibu naye ndiye wa kuusimamisha, naye hana rimoti. Anahitaji kitufe chekundu chenye mgongo wa njano, kilichofungwa kwa waya, hatua chache kutoka alipo. Kwa hiyo mawimbi yaweza kuendesha mtambo, lakini kitufe cha dharura cha waya kisiondolewe.

Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya Malawi ya mwaka 1997 inamwajibisha mwajiri kuweka na kutunza mitambo salama. Basi rimoti mpya zikifika, tudai haya:

1. Tuonyeshwe, mtambo ukiwa hauna mzigo, kwamba betri ikitolewa mtambo unasimama.
2. Umeme ukirudi, au kitufe cha dharura kikiachiwa, mtambo usianze wenyewe.
3. Vitufe vya dharura vya waya vibaki mahali pake na vijaribiwe mara kwa mara.
4. Rimoti ikabidhiwe kwa aliyefunzwa tu, naye airudishe zamu iishapo.

Asiyeelewa Kichewa au Kiingereza aelezwe kwa lugha yake. Kuuliza si ukaidi. Mashine ikivunjika hununuliwa nyingine. Mkono wa mfanyakazi hauna duka.

Umoja ni nguvu!