Kupata Tarehe ya Zabuni Ukurasani kwa Viteuzi

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nafasi hizo hutangazwa mtandaoni, na anayewasilisha zabuni baada ya saa ya kufungwa hapokelewi. Kijana wa Kitengela au Kajiado mjini anayejifunza kuandika programu anaweza kuwafaa wenzake kwa programu ndogo ya kusoma matangazo hayo kila asubuhi. Ugumu ni kuielekeza programu mahali tarehe ilipo.

Hapo hutumika kiteuzi, yaani maandishi mafupi yanayotaja sehemu ya ukurasa. Viteuzi vilitoka katika CSS, lugha ya mitindo iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka wa 1994. Vilikusudiwa kupamba kurasa, lakini JavaScript huvitumia kutafuta.

Tuseme kila zabuni ina mstari wake katika jedwali. Mstari umepewa kundi "zabuni" pamoja na jina la kaunti ndogo, kwa mfano "mashariki", iliko Kitengela. Kisanduku cha tarehe kina kundi "mwisho". Basi andika:

document.querySelectorAll(".zabuni.mashariki .mwisho")

Nukta hutangulia jina la kundi. Majina mawili yaliyoshikana humaanisha mstari wenye makundi yote mawili. Nafasi humaanisha "kilichomo ndani yake". Ukiacha nafasi kati ya .zabuni na .mashariki, hupati kitu, na wanaoanza hupoteza saa nzima hapo. Ukiandika querySelector bila All, utapata tarehe ya kwanza tu.

Wengi huchagua kwa kuhesabu: mstari wa tatu, kisanduku cha nne, yaani tr:nth-child(3) td:nth-child(4). Leo inafanya kazi. Kesho tangazo jipya likiwekwa juu, mstari wa tatu ni zabuni nyingine, na programu itakupa tarehe isiyo yako bila kulalamika. Tumia jina la kundi kila lipatikanapo.

Programu ikirudisha orodha tupu, iandike "kagua ukurasa", si "hakuna zabuni". Huenda majina ya makundi yamebadilishwa tu.

Kujaribu, fungua ukurasa kwa kompyuta katika Chrome au Firefox, bonyeza F12, chagua Console, kisha andika mstari ule ukitumia majina ya makundi ya ukurasa huo. Tarehe utakayopata, ilinganishe na stakabadhi yenyewe ya zabuni kabla ya kuwasilisha.