Mimea na Makwao: Dianela, Ua la Buluu la Australia

Dianela ni mmea wa maua unaodumu miaka mingi, wenye majani marefu membamba kama nyasi, maua madogo ya buluu na beri zinazong'aa zenye rangi ya nili au zambarau. Jenasi yake, Dianella, ina spishi takriban 40. Kwao hasa ni Australia, ambako huota kuanzia matuta ya mchanga ya pwani hadi misitu ya mikaratusi ya milimani. Usipokuwa msimu wa maua, mpita njia huuona kuwa fungu la majani tu. Wakulima, wajenzi wa barabara na wafyekaji wa viwanja wameung'oa kwa miaka mingi wakidhani wanaondoa nyasi, ilhali undugu wake na nyasi ni wa mbali sana.

Wataalamu wa mimea nao walisumbuka kuupatia mahali. Zamani uliwekwa pamoja na mayungiyungi, baadaye ukahamishwa kutoka familia moja hadi nyingine, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni pamoja na mshubiri. Leo mishubiri na dianela huhesabiwa katika familia moja, Asphodelaceae. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona mshubiri na majani yake manene yenye utomvu mchungu, undugu huo ni vigumu kuusadiki kwa macho. Jina la jenasi lilitolewa na Mfaransa Lamarck mwishoni mwa karne ya 18 kwa heshima ya Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale. Spishi ijulikanayo zaidi, Dianella caerulea, ilielezwa rasmi na John Sims huko Uingereza mwaka 1801. Miaka 9 baadaye Robert Brown, aliyezunguka pwani za Australia katika safari ya nahodha Matthew Flinders, alichapisha maelezo ya Dianella revoluta na Dianella longifolia.

Kuutofautisha mmea huu na nyasi si kazi ngumu kwa mwenye kuinama na kuutazama chini. Bua la nyasi lina vifundo, na kila jani hutoka kwenye kifundo chake. Majani ya dianela hutoka karibu na ardhi, yakapangika pande mbili zinazokabiliana, moja huku na moja kule, kila jani likiwa limekunjika katikati na kulikumbatia lililo ndani yake. Urefu wake ni kati ya nusu mita na karibu mita moja. Baadhi ya spishi zina meno madogo kwenye kingo za jani na kwenye mshipa wa katikati, na mtu akipitisha kidole huyahisi mara moja. Dianella revoluta hutambulika kwa kingo zilizojikunja kuelekea upande wa chini wa jani.

Uhai wa mmea umefichwa ardhini. Hapo pana shina linalotambaa chini ya udongo, lenye mizizi mingi, ambalo hutoa machipukizi mapya kila linaposogea. Baadhi ya spishi hufanya fungu moja lililoshikamana, nyingine husambaa zikawa kama mkeka. Shina hilo ndilo linaloufanya mmea uweze kuishi katika nchi yenye ukame na moto wa mara kwa mara. Moto wa msituni ukipita, majani huteketea yote, lakini shina lililo chini huchipua tena, na mmea huendelea na maisha yake mahali palepale.

Maua hutokea hasa katika majira ya kuchipua na kiangazi cha nusu dunia ya kusini, yaani kuanzia mwezi wa Septemba hivi. Huning'inia kwenye bua jembamba lenye matawi, na mara nyingi bua hilo huyapita majani kwa urefu. Kila ua lina vipande 6 vya buluu, vitatu vya nje na vitatu vya ndani, ambavyo hujipinda kuelekea nyuma ua linapofunguka. Katikati husimama stameni 6. Chini ya chavulio cha kila stameni, uzi umevimba na kuwa na rangi ya manjano au ya machungwa inayokolea dhidi ya ile buluu. Katika Dianella revoluta vyavulio vyenyewe ni vyeusi au vya hudhurungi iliyoiva.

Hapa ndipo penye jambo la ajabu kuliko yote katika mmea huu. Mimea mingi hufungua vyavulio vyake kwa mpasuko mrefu, na chavua ikabaki wazi kwa yeyote anayeitaka. Dianela haifanyi hivyo. Chavulio chake kina tundu dogo tu kwenye ncha, na chavua hubaki ndani kama chumvi ndani ya kichupa chenye kifuniko cha matundu. Mdudu anayetua na kupapasa hupata kidogo au hapati kitu. Anayeweza kuitoa ni nyuki anayelishika ua kwa miguu na mwili, akaacha kupiga mabawa lakini akaitetemesha misuli ya kurukia. Mtetemo huo huingia katika chavulio, na chavua hurushwa nje kupitia tundu. Sauti yake husikika kwa sikio la binadamu, nayo ni kali zaidi kuliko mvumo wa nyuki anayeruka. Nyanya na biringanya zinazolimwa hapa kwetu huchavushwa kwa namna hiyohiyo.

Si kila nyuki anayeijua kazi hii. Nyuki wa asali, ambaye walowezi wa Kizungu walimpeleka Australia, hawezi kutetemesha ua. Kwa hiyo mizinga mingi kando ya msitu haiwi msaada mkubwa kwa dianela. Wanaoiweza ni nyuki wa asili wa nchi hiyo, wakiwemo wale wenye mistari ya buluu tumboni wa jenasi Amegilla, na nyuki wakubwa wanaotoboa mbao. Nyuki wa jenasi Amegilla wapo Afrika Mashariki pia, na wanaotoboa mbao hujulikana na kila mwenye nyumba ya boriti. Hawa wote hawaishi katika mizinga. Kila jike hujichimbia kiota chake, Amegilla kwenye udongo na wale wengine kwenye mti mkavu, na mahali pa kuchimba pakikosekana, maua ya karibu huchanua na kunyauka bila kuzaa ipasavyo.

Ua lililochavushwa hutoa beri ya mviringo au ya kurefuka kidogo, ambayo katika spishi nyingi huwa na kipenyo cha karibu sentimita moja. Huanza ikiwa kijani, kisha huiva na kuwa ya buluu au zambarau yenye mng'ao ambao ni nadra kuonekana katika matunda ya porini. Ndani yake mna nyama laini na mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa. Ndege huzila na kuzipeleka mbegu mbali, na mijusi hula zile zilizo karibu na ardhi.

Yupo ndege mmoja anayezitafuta kwa sababu isiyohusiana na njaa. Katika misitu ya mashariki mwa Australia, dume wa spishi iitwayo Ptilonorhynchus violaceus hujenga kibanda cha vijiti, kuta mbili zilizosimama, si kwa ajili ya kutaga bali kwa ajili ya kuwavutia majike. Mbele ya kibanda hutandaza vitu, naye hupenda sana rangi ya buluu: manyoya, maua na beri za dianela. Tangu watu walipoanza kutupa takataka msituni, ameongeza vifuniko vya chupa na vipande vya plastiki. Jike huja, hukagua, na huondoka au hubaki. Ni mimea michache inayopata nafasi ya namna hiyo katika uchumba wa ndege.

Wenyeji wa asili wa Australia waliijua dianela kwa maelfu ya miaka kabla Sims hajaipa jina la Kilatini. Majani yake ni imara, na nyuzi zake zilisokotwa kuwa kamba na kusukwa kuwa vikapu. Beri za baadhi ya spishi zililiwa mbichi, hasa za Dianella caerulea na Dianella longifolia. Mizizi ya baadhi yake pia ilipondwa na kuchomwa ili iliwe. Watoto walijifunza kupuliza jani lililokunjwa likatoa sauti ya filimbi. Maarifa haya hayakuwa ya kubahatisha: yalibainisha spishi ipi ni chakula na ipi ni ya kuachwa.

Na hapo inafaa kuonya kwa uzito, kwa kuwa vitabu vya mapishi ya porini hupenda kusema tu kwamba beri za dianela huliwa. Baadhi huliwa, baadhi hapana. Spishi ya New Zealand, Dianella nigra, ambayo Wamaori huiita turutu, inahesabiwa kuwa na sumu licha ya uzuri wa beri zake. Dianella tasmanica, iliyopewa jina na Joseph Hooker na inayopandwa mno bustanini, nayo haiaminiki mezani. Katika nchi za Wamalei, Dianella ensifolia ilitumika kuua panya, utomvu wake ukichanganywa na wali. Kwa kuwa majani ya spishi hizi hufanana sana, asiyeweza kutaja spishi aliyoishika mkononi hana sababu ya kuitia beri mdomoni.

Hiyo Dianella ensifolia ndiyo iliyosafiri mbali kuliko nduguze. Huonekana katika visiwa vya Pasifiki, Asia ya Kusini-Mashariki, India na Bukini, na huku barani Afrika ipo Msumbiji na mashariki mwa Zimbabwe. Watengenezaji wa vipodozi wametoa katika spishi hii kemikali inayozuia kazi ya tirosinesi, kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza melanini, rangi ya asili ya ngozi. Kwa njia hiyo mmea wa porini umeingia katika biashara ya kung'arisha ngozi, biashara ambayo madhara yake yanajulikana vyema katika miji ya Afrika. Matumizi ya Hawaii yalikuwa bora zaidi: huko beri za Dianella sandwicensis, iitwayo ʻukiʻuki, zilitoa rangi ya buluu ya kupamba kapa, kitambaa kinachotengenezwa kwa magome ya miti.

Upandaji wake ni rahisi kwa anayeanza na fungu lililokua. Fungu hung'olewa, shina la chini hukatwa vipande vyenye mizizi na majani, na kila kipande hupandwa peke yake katika udongo usiotuamisha maji. Jua au kivuli chepesi vyote hufaa. Mbegu huhitaji subira, kwani huweza kukaa wiki nyingi au miezi kabla ya kuota. Siku hizi manispaa za Australia hupanda dianela kando ya barabara na kwenye maegesho ya magari, kwa kuwa huvumilia ukame na haihitaji kutunzwa sana. Lakini zinazopandwa ni aina chache zilizochaguliwa kwa sura, na wingi wake mijini hausemi lolote kuhusu hali ya spishi za porini.

Mfano ulio wazi ni Dianella amoena. Spishi hii ndogo yenye majani ya kijani cha kijivu hutambaa kwa shina lake la chini hadi kutandaza mkeka wa mita kadhaa, na maua yake hunukia. Ilipewa maelezo rasmi mwaka 1995 tu, wakati ambapo sehemu kubwa ya makao yake ilikuwa imekwisha toweka. Huishi katika mbuga za nyasi na misitu ya wazi ya Victoria na Tasmania, na nyingi zilizobaki zipo pembezoni mwa Melbourne, mahali ambapo nyumba mpya hujengwa kila mwaka. Sheria ya mazingira ya Australia inaitambua kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Mafungu yaliyosalia yamo katika vipande vidogo vya ardhi, kando ya reli, barabara na vijito, yakisongwa na nyasi za kigeni.

Mara nyingi mimea iliyo katika njia ya ujenzi hung'olewa na kuhamishiwa kwenye hifadhi. Kwa kuwa mmea huvumilia kugawanywa, kazi hiyo huonekana kufaulu haraka: machipukizi hutokea na mkeka huanza kutandaa. Hata hivyo vipande vya fungu moja ni mmea uleule mmoja uliorudiwa, hivyo wenye hifadhi hulazimika kuchanganya mafungu ya asili tofauti, kuzipunguza nyasi za kigeni zinazoyafunika, na kuacha maeneo ya udongo ulio wazi ambamo nyuki wa asili wanaweza kuchimba viota.