Kompyuta Isitupwe kwa Pupa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Jambo hilo si la watu wa Dar es Salaam peke yao. Lagusa kila ofisi ya kata, shule na zahanati yenye kompyuta, iwe Mwera ya Pangani au Mwera ya Unguja.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hukataa mashine nyingi za zamani. Kwa zile za Intel, kwa jumla yataka kichakata, yaani ubongo wa mashine, cha kizazi cha 8 au zaidi. Na kinyume chake kimewahi kutokea: mwaka 2017 wenye vichakata vipya waliong'ang'ania Windows 7 walinyimwa marekebisho. Ubongo na mfumo sharti vikubaliane.

Nchi yetu ina kumbukumbu chungu katika hili. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine mpya zaidi lilishindwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku.

Kwa maoni yetu, mashine isiyounganishwa na intaneti, ambayo kazi yake ni kuchapa barua na kutunza orodha, haina haja ya kustaafishwa. Lakini ile inayopokea malipo ya wananchi au kuhifadhi habari za wagonjwa, nayo iko mtandaoni, kuiacha bila marekebisho ni kuacha mlango wazi usiku. Hiyo ibadilishwe kwanza. Ikiwa fedha hazipo, mfumo wa Linux hautozwi ada na hukubali mashine nyingi zilizokataliwa. Programu za ofisi kwa Kiswahili si ngeni kwetu: Jambo OpenOffice ilitolewa mwaka 2004.

Maofisa ugavi nao waulize kabla ya kulipa: je, programu tulizo nazo na mashine ya kuchapia vitafanya kazi na kompyuta hii? Vivyo hivyo kwa misaada, maana mitumba ya kompyuta ipo kama ya nguo. Aliye Mwera ana mto wa kuvuka kabla hajafika Pangani mjini kutafuta fundi, na wa visiwani ana bahari.

Tunaziomba halmashauri za mwambao na visiwani ziorodheshe kizazi cha kichakata cha kila mashine, na kazi inayofanywa nayo, kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.